Simu Inayosoma Gazeti Kibarazani kwa Mzee Kurban

Kila siku saa tatu asubuhi, cherehani ya Kashindye hunyamaza. Kashindye ni fundi nguo wa Kanyenye, mjini Tabora. Cherehani yake imekuwa kwenye kibaraza cha duka la Mzee Kurban kwa miaka kumi na miwili sasa. Kashindye haachi kushona kwa sababu ya chai, wala ya umbea, ingawa umbea anaupenda. Huacha kwa jambo moja tu: Mzee Kurban akifungua gazeti.

Duka la Mzee Kurban linauza kamba, ndoo, misumari, magunia na maturubai. Kibaraza chake kina benchi mbili ndefu za mbao za mninga. Watu huja hapo kununua, lakini huja pia kusikiliza. Wengine hawajui kusoma vizuri. Wengine wanajua, lakini hawana miwani. Na wengine wanajua na miwani wanayo, ila wanapenda tu kumsikia mzee.

Na kweli, anasikika! Mzee Kurban akisoma habari ya mafuriko, utatazama miguu yako kama imelowa. Akisoma habari ya mpira, Kashindye husimama kama yuko uwanjani.

Desturi hii si ya jana. Zamani misafara ilipita Tabora ikitoka pwani kwenda Ujiji. Baba wa babu yake Mzee Kurban alikuwa na kiduka hapo. Wapagazi walipotua mizigo, aliwapa maji ya kunywa, kisha akawauliza habari za huko walikotoka. Jioni aliwasimulia watu habari hizo kibarazani. Aliwaachia wanawe neno moja: "Habari ni amana. Ulivyoipokea, ndivyo uitoe."

Mzee Kurban ameitunza amana hiyo miaka thelathini na mitano. Na watu nao wana adabu yao. Mzee akisoma, hakuna anayechungulia gazeti begani kwake. Hakuna anayesema, "Hebu nione." Kumchungulia msomaji ni kumwambia humwamini. Na nani asiyemwamini Mzee Kurban?

Kumbe mzee alikuwa na siri. Kwa miaka miwili macho yake yalikuwa yanazima kidogo kidogo. Kwanza alianza kujigonga kwenye vitu vilivyo pembeni. Leo anagonga ndoo, kesho anagonga mlango. Baadaye ukungu ukaingia kwenye herufi.

"Twende hospitali, Kurban," mkewe Zahabiya alimwambia mara nyingi.

"Ni uzee tu huo."

"Uzee haumgongeshi mtu kwenye mlango uleule kila siku!"

Lakini mzee hakwenda. Aliogopa. Msomaji asiyeona, nani atakaa kwenye benchi zake? Basi akaanza kufanya ujanja. Usiku alisikiliza redio kwa makini. Asubuhi alisoma vichwa vya habari, kwa sababu vina herufi kubwa. Yaliyobaki aliyajazia kwa yale aliyoyasikia redioni. Siku nyingi alibahatisha vizuri. Lakini kubahatisha si kusoma, na yeye mwenyewe alijua hivyo. Usingizi wake ulikuwa mwepesi siku hizo.

Basi ikafika Jumatatu moja ya mwezi wa tano, tarehe kumi na tisa. Asubuhi hiyo kulikuwa na mgeni benchini. Jina lake Tobias, mfugaji nyuki kutoka Usinge. Tobias ni mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki thelathini. Kila anapokuja mjini, lazima apite kwa Mzee Kurban.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Tobias. Habari za Usinge?"

"Nzuri. Asali imeiva. Kesho tunaingia porini kurina."

"Karibu, kaa. Gazeti la leo lina habari yenu."

Wakati huohuo akafika Mwalimu Mektilda. Huyu hufundisha darasa la watu wazima jioni. Haoni tangu utotoni, alipougua surua. Hutembea na fimbo nyeupe, na mtaa wote wa Kanyenye anaujua kuliko postamasta. Alikuja kununua kamba ya kuanikia nguo. Aliposikia gazeti linafunguliwa, akakaa mwisho wa benchi akanyamaza.

Mzee Kurban akakohoa kidogo. Akasoma: "Wafugaji nyuki watakiwa kujiandikisha." Akaendelea. Kila kikundi kinachoweka mizinga hifadhini kijiandikishe wilayani kwake. Kikundi kisichojiandikisha kitaondoa mizinga yake. Kisha akafika kwenye tarehe. Akalisogeza gazeti karibu. Akalisogeza mbali. Herufi zilicheza.

"Mwisho ni tarehe ishirini na nane mwezi huu," akasema.

Tobias akapiga makofi. "Asante, mzee! Basi nina nafasi. Tutaingia porini kwanza, tutatoka tarehe ishirini na sita, kisha nitakwenda wilayani." Akanunua kamba na ndoo mbili. "Basi langu ni saa saba. Ngoja nikamsalimie dada yangu kwanza."

Akaondoka akipiga mluzi. Watu wengine wakakaa wakizungumza hadi adhuhuri ilipokaribia, ndipo wakatawanyika. Kashindye akaenda dukani kutafuta uzi. Zahabiya alikuwa ndani. Wakabaki wawili tu kibarazani.

"Mzee Kurban," Mektilda akasema polepole, "nina neno. Nimesubiri watu waondoke."

"Sema, Mwalimu."

"Ile habari ya nyuki nimeisikiliza leo alfajiri. Mwisho wake si tarehe ishirini na nane."

Mzee akakaza uso. "Nimesoma hapa. Imeandikwa."

"Habari ile inaanza ukurasa wa kwanza, na inamalizikia ukurasa wa nne. Nilikuwa nakusikiliza, mzee. Sikusikia karatasi ikigeuzwa hata mara moja."

Loo! Mzee Kurban alihisi damu inampanda kichwani. Mtu akibanwa pabaya, ulimi hutangulia akili. Akafoka, "Mwalimu! Wewe huoni hata gazeti lenyewe, utanifundisha nini juu ya gazeti?"

Neno hilo lilipotoka tu, akalijutia. Lakini neno likitoka halirudi mdomoni.

Mektilda hakununa. Alicheka kidogo. "Ni kweli sioni, mzee. Ndiyo maana nasikiliza sana. Na wewe huoni vizuri pia. Tofauti yetu ni kwamba mimi nimeshakubali."

Akatoa simu kwenye mkoba wake. Akapapasa kioo kwa kidole. Mara simu ikaanza kusema, mbio mbio, maneno yakikanyagana.

"Huyo nani anafukuzwa?" mzee akauliza.

"Hafukuzwi mtu. Ni simu inasoma gazeti. Mimi nimezoea kasi hii. Ngoja niipunguze." Akagusa tena. Sauti ikatulia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili safi. Ikasoma kichwa cha habari. Ikasoma jina la gazeti na namba za kurasa. Ikasoma tarehe ya habari. Ikasoma habari yote, neno kwa neno, bila kuruka. Na mwisho ikarudia tarehe iliyokwisha kuitaja mwanzoni: "Vikundi vyote vijiandikishe kabla ya saa tisa alasiri, Ijumaa, tarehe ishirini na tatu, mwezi huu."

"Rudia," mzee akanong'ona.

Mektilda akarudisha. Tarehe ishirini na tatu.

Mzee Kurban tatu aliiona nane. Namba ya Tobias hakuna aliyekuwa nayo, na kesho yake angeingia porini, mahali ambapo simu haishiki mtandao. Angetoka tarehe ishirini na sita, siku tatu baada ya mlango kufungwa. Wafugaji thelathini. Mizinga mia nne. Na wote wangesema, "Tulisomewa na Mzee Kurban."

"Amana," mzee akasema. "Amana ya watu nimeichezea, Mwalimu. Nimeona aibu ya macho, nikajitafutia aibu iliyo kubwa zaidi. Na wewe nimekutukana. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa sita na nusu!" Kashindye akaitikia kutoka mlangoni. Alikuwa amesikia yote, na safari hii hakuwa na utani. Alikimbia barabarani akasimamisha bajaji.

"Nikushike mkono, au unishike wewe?" Mektilda akauliza.

"Tushikane," mzee akajibu.

Stendi ilikuwa imejaa. Mzee Kurban alitazama mabasi, akaona rangi tu. Majina hakuyaona. Mektilda akainamisha kichwa, akasikiliza wapiga debe. "Kaliua na Usinge ni kule kulia," akasema. Wakaenda. Injini ilikuwa inanguruma tayari.

Mzee akasimama mlangoni mwa basi. Macho yalikuwa yamemwacha, lakini sauti alikuwa nayo. Akaita kwa sauti ileile ya kibarazani: "Tobias wa Usinge!"

Basi zima likanyamaza. Hata mpiga debe akafunga mdomo.

"Nipo hapa, mzee!"

Angeweza kumvuta pembeni na kumnong'oneza. Hakufanya hivyo. Habari aliitoa mbele za watu, basi na marekebisho aliyatoa mbele za watu. "Tobias, asubuhi nilikusomea tarehe ishirini na nane. Nilikosea. Ni Ijumaa hii, tarehe ishirini na tatu. Sikukosea kwa haraka. Nilikosea kwa sababu macho yangu hayaoni tena herufi ndogo, na miaka miwili nimewaficha. Nakuomba radhi, wewe na kikundi chako."

Mektilda akamfungulia Tobias ile habari kwenye simu, aisikie mwenyewe. Tobias alisikiliza hadi mwisho. Akahesabu siku kwa vidole.

"Mzee," akasema, "kama ningelisikia hili kwa mwingine, nisingekanyaga tena kibaraza chako. Lakini umekuja mwenyewe, juani, na macho hayo. Mtu wa namna hiyo namwamini kuliko nilivyomwamini asubuhi." Akamgeukia kondakta. "Ndugu yangu, mimi sifiki Usinge leo. Nishushe Kaliua, ofisi ya wilaya."

Mzee Kurban akalia. Machozi yalimtoka pale stendi, mtu mzima, na hakuyaficha.

Jioni ile Zahabiya alipoambiwa, hakugomba. Alisema tu, "Kesho hospitali." Na kesho yake walikwenda. Daktari alimpima akasema ni presha ya macho. Ugonjwa huu huja taratibu, bila maumivu, ukila uwezo wa kuona kuanzia pembeni. "Kilichopotea hakirudi, mzee," daktari alisema. "Ila kilichobaki tunaweza kukilinda. Tia dawa hii ya matone kila siku, usiache hata siku moja. Ungekuja mapema tungelinda kingi zaidi."

"Wasikie na wenzangu," mzee akasema. Akarudi kibarazani akawatangazia.

Kisha Mwalimu Mektilda akaja kufundisha. Zahabiya alikuwa na simu janja aliyopewa na binti yao. Aliitumia kutazama picha za wajukuu tu. Mektilda akamwelekeza kwenye duka la programu, lililo ndani ya simu yenyewe, apakue ile programu inayosoma gazeti.

"Sasa fungua. Unaona orodha ya habari?"

"Naiona," Zahabiya akasema.

"Gusa habari moja. Kisha gusa alama ya spika."

Zahabiya akagusa. Simu ikasoma Kiswahili kwa sauti ya Kizungu, maneno yakapinda kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kashindye alicheka hadi akashika cherehani asianguke.

"Hapo lugha haijachaguliwa," Mektilda akasema, naye akicheka. "Ingia kwenye mipangilio. Chagua sauti ya Kiswahili. Haya, sasa kasi. Mzee, hii inakufaa?"

"Punguza. Mimi si treni."

Wakapunguza. Mektilda akawaonyesha jinsi ya kusimamisha na jinsi ya kurudisha nyuma. Akawaonyesha jinsi ya kuhifadhi habari alfajiri, wakati mtandao ni mzuri, ili isikilizwe baadaye bila kumaliza bando. Mzee naye akajifunza kupapasa alama kwa kidole hadi akaizoea. Mwishoni Mektilda akasema jambo lingine, na akalisema mara mbili: "Simu inasoma kilichoandikwa. Haijui kama ni kweli, wala kama ni cha zamani. Kabla ya habari, sikiliza kwanza nani ameandika, na lini."

Walisikia, lakini kusikia si kushika. Siku ya tatu simu ikasoma: "Mvua kubwa na upepo vyatarajiwa Tabora." Kashindye hakusubiri zaidi. Alibeba cherehani yake na nguo za wateja, akaziingiza dukani, akafunika kwa turubai jipya la Mzee Kurban. Akakaa humo ndani hadi adhuhuri, jasho linamtiririka, na nje jua linachoma. Zahabiya akarudisha habari mwanzo. Ilikuwa ya mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili.

"Mwezi wa tano mvua itoke wapi, Kashindye?" mzee akamuuliza.

"Si imesema simu!"

"Na mimi nilisema ishirini na nane."

Kashindye akajikuna kichwa. Akaenda mezani kwake, akachukua ile chaki ya kuchorea vitambaa. "Basi kuanzia leo," akasema, "simu ikitaja tarehe, naiandika mlangoni. Kubwa! Kila mtu aione." Na ndivyo ikawa desturi mpya ya kibaraza.

Sasa saa tatu ikifika, cherehani hunyamaza kama zamani. Mzee Kurban hukaa mahali pake. Simu huwekwa juu ya ndoo tupu iliyofunikwa, ili sauti ivume. Simu husoma, naye husikiliza ameinamisha kichwa. Habari ikiisha, watu humgeukia. "Haya mzee, maana yake nini kwetu?" Hapo ndipo sauti ile hupanda. Anaeleza, anafafanua, anakumbusha yaliyotokea miaka iliyopita. Simu inajua kusoma, lakini haijaishi Tabora miaka sitini na minane kama yeye. Watu wa benchini wameongezeka. Wawili wamekwenda kupima macho, na mmoja amekutwa na ugonjwa uleule, ukiwa bado mchanga.

Mwezi wa sita ulipokuwa unaisha, Tobias akashuka kutoka kwenye basi na dumu la asali begani. Mfukoni alikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri. Akaifungua mbele ya benchi zote.

"Hiki ni cheti cha kikundi," akasema. "Siku ile wilayani waliniambia nilete majina na sahihi za wote thelathini, tukarudi nazo Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho. Mizinga mia nne iko palepale ilipo. Mzee, karatasi hii nilitaka uwasomee watu wewe."

Kashindye akatazama chini. Mwalimu Mektilda, aliyekuwa mwisho wa benchi, akainua kichwa asikilize.

Mzee Kurban akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu. Akaisogeza mbali. Kisha akatabasamu.

"Siioni," akasema kwa sauti kubwa, bila aibu hata chembe. "Mwalimu, simu yako inaweza kusoma na karatasi?"

"Inaweza, mzee. Unaipiga picha, inasoma."

Zahabiya akaipiga picha kwa simu ya Mwalimu. Ile sauti ya mwanamke ikasoma jina la kikundi, jina la Tobias, na tarehe ya kusajiliwa: ishirini na mbili, mwezi wa tano. Kashindye alikuwa ameshachomoa chaki. Akaandika tarehe hiyo kwenye mlango wa duka, kila tarakimu ukubwa wa sinia.

Mzee Kurban akageuka. Alitazama mlango kwa muda mrefu.

"Ishirini na mbili," akasoma. "Hiyo naiona."